Ogwal Atafuta Geti

Ogwal alistaafu uaskari magereza akiwa na afya njema, sauti nzima na kitu kimoja tu kilichobaki cha kulinda: jiko la mkewe. Balaa lilianzia hapo. Asubuhi aliwapanga wajukuu mstari kabla ya uji. Akidi, mkewe, akitaka kwenda sokoni, aliulizwa anakwenda kwa nani na atarudi lini. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliachwa mlangoni akisubiri ruhusa, akachoka, akaenda zake.

Akidi alivumilia mpaka siku alipomkuta akikagua sufuria ya maharage kwa tochi.

"Baba Adoch, tafuta geti," alisema. "Geti yoyote ya Kampala hii. Ya jiko yangu, hapana. Ukikosa, mimi nakwenda Lira kwa dada yangu."

Ogwal alicheka, kisha akaona begi limeshateremshwa kutoka juu ya kabati. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Bahati nzuri, hospitali moja binafsi kule Ntinda ilikuwa inatafuta mlinzi. Akidi alimnyooshea shati, akamfanyisha mazoezi barazani kwao Luzira, majirani wakisikiliza bila kiingilio.

"Sema: karibu, mama."

"KARIBU, MAMA!"

"Huyo ameshakimbia. Anza tena."

Chumba cha usaili kilikuwa na wanawake wawili: Whitney, binti wa ofisi ya ajira, na Sista Vera, mkuu wa wauguzi. Kiingereza cha Ogwal kilipoanza kuchechemea, Sista Vera alimwonea huruma.

"Mzee, tuongee Kiswahili tu. Baba yangu alikuwa polisi, mimi nimezaliwa barakisi, kambini kwa polisi."

Ogwal akashusha pumzi. Alieleza kwa fahari kwamba tangu aanze kazi, hakuna mtu hata mmoja aliyemtoroka.

"Na mgonjwa akisema anataka kwenda nyumbani?" Whitney aliuliza.

"Hatoki, madam!"

Whitney aliandika kitu. Ogwal akatabasamu, akidhani ni maksi.

Kisha wakataka kumwona kwa vitendo. Whitney alichukua chupa ya chai iliyokuwa mezani, akatoka nje, akarudi akijifanya ndugu wa mgonjwa.

"Karibu, mama," Ogwal alisema, kwa upole ambao Akidi angeupigia makofi. Halafu macho yake yakaiona ile chupa.

"Simama! Ndani nini?"

"Chai."

"Ya nani? Fungua. Onja kwanza!"

Kwenye geti lake la zamani aliyeleta chakula alikionja mwenyewe, watu waone hakina sumu. Whitney, kwa woga tu, akamimina, akanywa, akaungua ulimi.

"Sasa chuchumaa pale, ngoja jina yako iitwe."

Na Whitney, msomi wa chuo kikuu, ndani ya sketi yake ya kubana, akachuchumaa. Sista Vera alicheka mpaka akavua miwani.

Hapo ndipo Ogwal alipozinduka. Akilini aliliona lile begi, akaiona nyumba bila Akidi, akachukua kofia yake.

"Samahani, madam. Nimeharibu. Mama Adoch sasa atakwenda kweli."

"Kaa, mzee," Sista Vera alisema akijifuta machozi. "Niambie kitu moja tu. Katika kazi yako yote, nini ilikufurahisha?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ogwal aliizungushazungusha kofia mikononi.

"Kufungua," alisema mwishowe. "Mtu amemaliza kifungo yake, amevaa nguo yake mwenyewe. Mimi nafungua geti. Yeye analia. Namwambia: nenda, usiangalie nyuma, sitaki kukuona hapa tena." "Siku hiyo nakula vizuri."

Sista Vera akamgeukia Whitney.

"Umesikia? Hata sisi wagonjwa wetu tunawatakia hiyo hiyo. Kukaribisha tutamfundisha."

"Lakini zamu ya usiku," Whitney alidakia, ulimi bado unamwasha. "Usiku hakuna wageni."

"Sawa, usiku. Na wale wanaotoka alfajiri na watoto wao wachanga, yeye ndiye atawafungulia."

Ogwal alirudi Luzira kifua mbele. Akidi alipouona uso wake hakusubiri maelezo, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

"Unaanza lini?"

"Jumatatu. Sista mkubwa amenipa usiku: jioni naingia, asubuhi natoka."

Vigelegele vikakatika.

"Na mchana?"

"Mchana niko hapa na wewe, Mama Adoch!" Ogwal alikuwa na furaha ya kweli.

"Si utakuwa umelala?"

"Mimi mchana hapana lala, unajua."

Akidi alimtazama mumewe, akalitazama jiko lake.

"Muulize huyo sista," alisema, "kama atanichukua mimi niwe mfagiaji. Wa mchana."