Dada Yangu na Kanisa la Karakana

Niliingia Dar es Salaam kwa treni katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na miaka kumi na tisa. Dada yangu alikuwa ameandika barua nyumbani kuomba nije kumsaidia kazi. Nilipofika nikaona kazi zenyewe hazipo. Walikuwa wamepanga chumba kimoja Kariakoo, yeye na mumewe, na chumba kimoja hakimshindi mwanamke mzima. Alichokuwa anataka ni mtu wa kuongea naye.

Shemeji alikuwa mwanafunzi wa useremala katika chuo kidogo cha ufundi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu. Asubuhi aliondoka na kaptura yake ya kaki, jioni akarudi ananukia mninga. Dada alishinda uani na wanawake wengine wa nyumba, na kwa kuwa walikuwa na mwaka wa sita katika ndoa bila mtoto, hakuwa na la kumshughulisha mikono.

Tulitoka mbali, kando ya Ziwa, na tulikuwa Wamennonite. Kariakoo hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi wa Kizaramo, mtu wa sala tano, na siku ya kwanza aliniuliza tulikuwa dhehebu gani.

"Wakatoliki?"

"Hapana, bibi," dada alimjibu kwa niaba yangu.

"Walutheri?"

"Hapana."

"Basi ni kina nani nyie?"

Dada akafikiri kidogo. "Ni wale tunaotawadhana miguu kanisani."

Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Sisi tunatawadha mara tano kwa siku, wala hatukusafiri kwa treni kuja kuwaambia watu."

Tangu siku hiyo walipendana.

Dada hakuweza kukaa bila kanisa. Jumapili za mwanzo tulisali watatu chumbani, mlango wazi kwa sababu ya joto, na wapita njia wakichungulia. Kisha akaanza kutafuta watu. Alikuwa anazunguka sokoni na kwenye mabomba ya maji, si kununua wala kuteka, bali kusikiliza. Sisi watu wa kule ra na la hutuchanganya. Mtu akisema "lafiki yangu" au "nimesahau karamu", dada humshika mkono papo hapo. "Mwenzangu, wewe ni wa kwetu." Alimpata hivyo mpagazi mmoja wa bandarini na mkewe. Akampata mama mmoja wa Mtaa wa Swahili aliyekuwa na mguu mbovu, aliyeletwa mjini kwa matibabu na kuachwa huko. Akawapata vijana wengine wawili, kumbe wanasoma chuo kimoja na shemeji na hawakuwa wanajuana kwa dini.

Tulipofika kumi na wawili chumba kikatushinda. Shemeji akaenda kwa mkuu wa chuo, Mzungu mpole asiyekuwa na habari sana na mambo ya dini, akaomba sehemu ya kusalia siku ya Jumapili. Tukapewa karakana ya useremala. Tulikaa kwenye mabenchi ya kazi, miguu yetu ndani ya maranda ya mbao, na misumeno ikining'inia ukutani nyuma ya mhubiri. Kila Jumamosi dada alikwenda kufagia. Alifagia taratibu, akikusanya maranda kwenye gunia bila kuacha hata punje, maana alisema chuo kikituona wachafu kitatufukuza.

Usharika ule upo mpaka leo, na una jengo lake. Katika kijitabu cha historia yake imeandikwa kwamba ulianzishwa na wanafunzi wa chuo. Si uongo, wanafunzi walikuwapo. Ila nilikisoma chote, na dada yangu hayumo.

Sasa niseme lile lililonifanya niandike.

Wazo la kwenda kwa mganga lilikuwa langu. Dada alikuwa ameanza kulia peke yake wakati wa kuosha vyombo. Nikamwendea bibi mwenye nyumba, nikamuuliza kama anamjua mtu anayesaidia wanawake wasioshika mimba. Akasema yuko mzee wa upande wa Mbagala, wala si mtu wa mambo mabaya, ni wa mizizi tu. Nilimshawishi dada kwa wiki mbili. Mwishowe akakubali kwa sharti moja.

"Tukienda, tusimwambie shemeji yako. Anaongoza watu."

Tukaenda watatu, bibi, dada na mimi. Mzee alimpa mizizi ya kuchemsha, na akamfunga uzi mweusi kiunoni huku akisema maneno ambayo sikuyasikia vizuri. Dada aliinywa siku tatu. Siku ya nne nilimkuta uani amekata ule uzi kwa kisu, mizizi ameitupa chooni. "Siwezi kusali nikiwa nayo," alisema. Hatukuongea tena habari hiyo.

Baada ya miezi miwili alikuja mmisionari kutoka Ziwa. Ilikuwa safari ya kwanza ya mchungaji yeyote kwetu. Angebatiza, na tungeshiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na kutawadhana miguu. Tulingoja siku hiyo kama watu wanavyongoja mvua. Jumamosi alasiri ilifanyika ibada ya maandalio, na kwa desturi yetu kila mwenye neno moyoni alisimama akaungama mbele ya wote. Mpagazi alisema alikunywa pombe na wenzake wa bandarini. Tukamwimbia wimbo wa msamaha, watu wakamkumbatia. Mwanafunzi mmoja alisema aliiba patasi ya mwenzake. Tukamwimbia.

Dada akasimama.

"Ndugu zangu, nilikwenda kwa mganga. Nilitaka mtoto. Nikanywa dawa siku tatu, kisha nikaitupa. Naomba Bwana anisamehe, na nyinyi mnisamehe."

Niliufungua mdomo niimbe, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Hakuna aliyeanzisha. Nilimwona shemeji amekaa mbele, mgongo wake umenyooka kama ubao.

Mmisionari aliuliza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha bara, "Mama, ulikwenda peke yako?"

Dada hakunitazama. Ningejua kama angenitazama, maana mimi sikumwondolea macho.

"Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe," alisema, akakaa.

Nilikuwa benchi la tatu. Ilikuwa kusimama tu. Nikajiambia ngoja wamalize, nitasimama baadaye. Wazee waliingia chumba cha vifaa wakashauriana, mmisionari, mpagazi na shemeji. Walipotoka, shemeji ndiye aliyepewa kusoma uamuzi, kwa sababu yeye ndiye kiongozi wetu. Alisoma bila kuinua macho. Kwamba kanisa changa, tena lililo ndani ya chuo mbele ya macho ya wanafunzi wa kila dini, haliwezi kuanza na doa la uganga. Kwamba dada atatengwa na Meza ya Bwana mwaka mzima, wala hatafundisha tena akina mama.

Kesho yake dada alikaa benchi la mwisho karibu na mapipa ya gundi. Mimi nilitawadhana na mke wa mpagazi. Alinikausha miguu kwa taulo, akanibusu shavuni, akasema, "Bwana akubariki, dada." Nikaitikia.

Jumatatu bibi mwenye nyumba alinikuta uani nikipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakupita. "Nimesikia mmempa adhabu mwenzenu. Sasa mimi naulizia hesabu tu, mwanangu. Mbagala tulikwenda wangapi?"

Niliendelea kupepeta. Akaenda zake, na tangu hapo akawa ananiitikia salamu bila kuongeza neno.

Dada hakuwahi kunigusia. Nilidhani ataacha kwenda, lakini Jumamosi iliyofuata alichukua ufagio. Nikamwambia, "Acha leo, nitafagia mimi."

"Nimetengwa na Meza," alisema, "sijatengwa na ufagio."

Akaendelea pia kwenda kwa yule mama wa mguu mbovu, kumfulia bandeji. Nyumbani yeye na shemeji waliongea kwa adabu kama wageni. Shemeji hakuwa mtu mbaya. Nadhani aliona aibu kwa alichosoma, na aibu hiyo ikamfanya amkwepe aliyesomewa. Nami nilijipa ahadi kwamba mwaka ukiisha, siku ya kurudishwa kwake kundini, nitasimama kando yake niseme yote. Niliona ni uamuzi mzuri. Nilikuwa na miaka ishirini, mwaka niliuona si kitu.

Mwezi wa nne wa adhabu ile dada alikuwa mjamzito.

Nyumba nzima ya Kariakoo ilipiga vigelegele. Bibi alimchinjia kuku. Kule karakana hakuna aliyepiga kigelegele hata mmoja. Akina mama walimpa mkono, wakauliza hali. Wakati tunatoka, mmoja alimnong'oneza mwenzake kwa lugha ya kwetu, akidhani tumeshatangulia: "Huyu mtoto ametoka kwa Mungu au ametoka Mbagala?"

Tulitembea mpaka Mnazi Mmoja. Hapo dada akaniuliza, "Na wewe unaonaje?"

"Ametoka kwa Mungu," nilisema. "Dawa ulitupa zamani."

"Basi," akasema. "Mmoja ananitosha."

Shemeji alimaliza masomo, akapata kazi ya useremala huko huko kwetu, kwenye kituo cha misheni. Kabla ya safari dada aliwaomba wazee wamrudishe mapema, asije akajifungua akiwa nje. Wakamjibu vizuri tu, kwamba mwaka ni mwaka, ila watawaandikia wazee wa kule wamalizie. Mimi nilibaki mjini kwa kuwa nilikuwa nimeposwa na mmoja wa wale wanafunzi wawili.

Stesheni kulijaa watu na mizigo. Dada alikaa dirishani, tumbo lake limeshaonekana. Nilikuwa nimekusudia kumwambia kwamba nitasema. Badala yake yeye ndiye aliyeongea, haraka haraka, treni isije ikaondoka hajamaliza. Mama wa mguu mbovu apelekewe sabuni. Mke wa mpagazi hajui kusoma, nianze naye herufi. Maranda nisimwage nje, yapelekwe kwa bibi, anayatumia kuwashia moto.

"Nimesikia, dada."

"Haya. Ubaki salama."

Barua ya shemeji ilifika baada ya miezi minne na siku kadhaa. Dada alishikwa na uchungu siku mbili. Mtoto alitoka amekufa, wa kiume, na yeye akamfuata jioni. Mwaka ule wa adhabu ulikuwa umebakiza wiki tatu. Wazee wa kule walikuwa bado hawajakutana juu ya jambo lake, kwa hiyo alizikwa na ndugu tu, bila mchungaji kaburini. Shemeji aliandika kwamba jeneza alilitengeneza mwenyewe, moja kwa wote wawili.

Nilimsomea bibi barua ile uani. Alitandika mkeka, akanikalisha, akakaa nami siku tatu akipokea majirani, kana kwamba marehemu alikuwa mwanawe. Hakuuliza hesabu tena.

Jumapili nilisimama karakanani nikasema kila kitu. Wazo langu, safari, benchi la tatu, kimya changu. Nilipomaliza, mpagazi alianzisha wimbo wa msamaha, wote wakaitikia. Mke wake akaja akanikumbatia akilia. Nilisamehewa hapo hapo, kwa wimbo mmoja, na wiki iliyofuata wakanipa darasa la akina mama. Nilikuwa nimetamani wanitenge. Nilitaka nikae japo siku moja kule kwenye mapipa ya gundi.

Nilifundisha akina mama wale miaka mingi. Hawakujua kwamba kila nilichowafundisha, hata namna ya kumpokea mgeni mlangoni, nilikuwa namwiga dada.

Shemeji hakuoa upesi. Alikuja mjini mara moja tu, tulipohama chuoni kuingia kwenye jengo letu. Tulikaa barazani kwangu, nikamwambia lile ambalo sikuweza kuliandika kwenye barua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuwa najua," alisema. "Alinieleza ndani ya treni, hatujafika hata Dodoma."

"Mbona hukuniandikia?"

"Alinikataza. Nilikasirika, nikasema tukifika tu naandika kwa wazee. Akaniambia, mwache. Wakimtenga na yeye, nani atamfulia yule mama bandeji?"

Kisha akaniuliza kama yule mama bado yu hai. Nikamwambia alifariki mwaka uliotangulia, na kwamba bandeji zake nilizifua mpaka mwisho.

"Vizuri," alisema shemeji, akatazama barabarani.