Mdomo wa Mbuzi

Mama alikubali kuniazima sauti yake kwa sharti moja: asionekane popote. Nikamwambia ataonekana mbuzi tu. Akafikiri kidogo, akajifuta mikono kwa leso, akasema kama ni mbuzi basi sawa, maana hakuna atakayemcheka mbuzi kwa Kiswahili chake.

Nilijua anasema nini. Baba ni wa ukoo wa Waislamu waliofika Kampala na biashara kutoka pwani, vizazi vingi nyuma, na kwao Kiswahili huchambuliwa kama mchele kabla ya kupikwa. Mama ni Muganda. Alijifunza Kiswahili akiwa bibi harusi, jikoni kwa mawifi zake, na mawifi haohao wakakifanya kichekesho. Alisema "habali" na "lafiki", na kila Idd hakukosekana mtu wa kumwiga sebuleni, watu wakishika mbavu. Hawakuwa watu wabaya, na walimtunza vizuri kila alipojifungua. Lakini utani unaorudiwa miaka nenda miaka rudi huacha kuwa utani. Polepole mama akahamia jikoni. Wageni wakija huwasalimia, huwaandalia, kisha hawamwoni tena. Jambo hilo lilinikera nilipokuwa mdogo, na linanikera hadi leo.

Kazi yangu ni kuchora katuni. Mchana huchora sabuni zinazocheza na simu zinazoimba, matangazo ya watu, katika ofisi moja Nakasero, juu kidogo ya soko. Filamu yangu mwenyewe niliichora alfajiri kabla ya kwenda kazini. Ilimhusu mbuzi mzee wa kike anayeishi katikati ya meza za matunda sokoni, anayewaelekeza njia watoto waliopotea. Nilimwona kichwani muda mrefu bila kumsikia. Kisha siku moja nikamsikia mama akipatana bei ya mkaa na Mkongomani mlangoni pa uani, kwa Kiswahili, kwa sauti nzito yenye kicheko kilichojificha chini yake. Sikutafuta sauti nyingine tena.

Nilimrekodi chumbani kwangu, mablanketi yakiwa dirishani kuzuia kelele za boda boda. Mwanzoni alisoma kama anayesomewa mashtaka. Nikamnyang'anya karatasi, nikamwambia anisimulie tu, kama anavyomsimulia jirani kwenye ua. Hapo mbuzi akaamka.

Watu hudhani katuni ni mkono tu. Mkono ni mtumwa wa sikio. Sekunde moja ya filamu yangu ilikula michoro kumi na miwili, na kila mchoro ulitaka mdomo wenye umbo la sauti inayosikika wakati huo. Mchoraji huweka kioo mezani, hutamka neno polepole, hutazama mdomo wake, kisha huchora. Nami nikaweka kioo, nikatamka, nikachora. Miezi ikapita hivyo, umeme ukikatika na kurudi, chai ikipoa pembeni.

Kazi ilipokaribia mwisho shangazi alikuja kututembelea. Ni dada mkubwa wa baba, mwalimu wa madrasa, na Kiswahili chake hakina hata kokoto moja. Nikamwonyesha kipande. Alitazama kwa makini, akavua miwani, akasema, "Mchoro mzuri, mwanangu. Lakini mdomo unasema jambo moja na sauti inasema jingine."

Nilirudisha nyuma nikatazama. Alikuwa sahihi. Mbuzi alisema "lafiki", lakini midomo yake ilikuwa imejibana kwa ajili ya "rafiki". Herufi hizo mbili hazifanani mdomoni. Kwenye l mdomo hufunguka na ncha ya ulimi huonekana nyuma ya meno ya juu. Kwenye r nilikuwa nimeuficha ulimi kabisa. Kwenye kioo nilikuwa nimejitazama mimi, na mimi nimefunzwa r na baba. Nilikuwa nimechora mdomo wangu na kuubandika kwenye sauti ya mama.

"Si jambo kubwa," shangazi akasema. "Michoro imekwisha kuwa tayari. Nitakusomea mimi, tutamaliza kwa siku moja. Tena watoto watajifunza matamshi."

Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai. Akaliweka chini taratibu. "Mupe senga yako," akaniambia, yaani shangazi. "Yeye anasema vizuli. Mimi nitahalibu kazi yako bule."

Kusema kweli, ile ilikuwa njia rahisi. Nilitamani kuishika. Lakini nilimtazama mama akikusanya vikombe ambavyo hata havijanywewa, akijiandaa kurudi jikoni, na hasira ikanipanda. Nikamwambia shangazi, kwa adabu zote nilizobaki nazo, kwamba ahsante, sauti haibadiliki. Kinachobadilika ni mdomo. Akashangaa. "Mdomo wote, filamu nzima?" Nikasema nzima, na itakuwa tayari Idd.

Kesho yake nilimwomba mama akae mbele ya simu yangu aseme maneno yote upya, nimpige picha mdomo tu. "Wewe unataka meno yangu ya nini?" akauliza. Nikamwambia mbuzi anayahitaji. Alicheka akakubali, akajifunika uso kwa leso, akiacha mdomo peke yake.

Nikafuta, nikaanza upya. Na kwa kuwa safari hii nilisikiliza kila sauti peke yake, nikagundua kitu ambacho ukoo mzima haukuwahi kukisikia. Mama alisema "habali" na "balabala", lakini alisema "mbere", na "kira", na "njia ire". Baada ya e na i huja r. Kwingine kote ni l. Ndiyo sheria ya kuandika Kiganda niliyofundishwa shuleni, na nilikuwa nimekaa na mama miaka yote hiyo bila kuitambua kinywani mwake. Tulimwambia anachanganya herufi. Hakuwahi kuchanganya hata moja.

Nilichora nikiwa na mafua na nikiwa na usingizi, na nilichora hata siku mkono ulipovimba. Kila nilipotaka kuruka neno nililikumbuka lile sinia la chai, nikalichora. Mchoro wa mwisho niliukamilisha asubuhi ya Idd yenyewe, watu wakiwa wamekwenda kuswali.

Baada ya pilau tuliiweka filamu kwenye televisheni ya sebuleni. Shangazi na mawifi wengine wa mama walijaa kwenye makochi, watoto sakafuni. Mama alisimama kwenye pazia la mlango wa jikoni, nusu ndani, nusu nje. Mbuzi alipotoa "habali za asubuhi" yake ya kwanza, watoto wakacheka, lakini walimcheka mbuzi, aliyekuwa akitafuna ganda la ndizi. Watu wazima wakabaki wakiutazama mdomo wake. Mdomo na sauti vilikuwa kitu kimoja.

Karibu na mwisho mama akasema kutoka kwenye pazia, "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaja katikati ya sebule, akapita kati ya watoto, akaweka kidole kwenye kioo cha televisheni, juu ya mdomo wa mbuzi. "Hapa umekosea. Umechola jilani. Mimi sisemi jilani. Mimi nasema jirani."

Nilitazama. Kwa uchovu wa asubuhi ile nilikuwa nimeubadilisha mdomo huo kuwa wa l bila kusikiliza, nikisahau kwamba baada ya i mama husema r.

Shangazi akainama mbele kwenye kochi. "Hebu sema tena, wifi, nikusikie."

"Jirani," mama akasema, bila kuteremsha macho. Kisha akanigeukia mimi. "Lekebisha sasa. Hawa wangoje."

Nikaenda kuleta kompyuta na kalamu yangu, nikakaa sakafuni na watoto. Mama akavuta kiti akakaa pale katikati ya sebule, akanifungulia mdomo, akalitamka neno lake polepole, tena na tena, mbele ya wote, na hakuna aliyecheka wala aliyeinuka mpaka nilipomaliza kuuchora.