Bei Moja ya Karatasi na Simu

Mchapishaji wa Thika ana kanuni moja: kitabu cha kusomwa kwenye simu huuzwa bei ileile ya kitabu cha karatasi. Ofisi yake iko ghorofa ya juu, karibu na Eneo la Viwanda. Mikono yake ni mikavu, na hulowesha kidole kwa ulimi kabla ya kufungua ukurasa, hata anaposomea kwenye simu. Sijamsikia akipaza sauti. Anayekuja kuomba punguzo, yeye hummiminia chai kwanza, kisha humkatalia.

Juni nilikuwa pale nikisahihisha prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, Mwalimu Nafuna alipofika kutoka Ruiru. Riwaya yake ilikuwa ikitumwa bure kutoka simu hadi simu.

“Madam, hii ya simu iweke shilingi mia,” alisema. “Watu watanunua. Saa hii wanaiba tu.”

“Kwani Mwalimu, maneno yako yalipungua yakiingia kwa simu?”

“Hayakupungua. Wanunuzi ndio walipungua.”

Mchapishaji aliomba simu, akalowesha kidole, akaipitia nakala ya wizi kutoka mwanzo hadi mwisho huku chai ikipoa.

“Angalau hawakuruka ukurasa,” alisema, akimrudishia. “Bei ni ileile.”

Nafuna alicheka, akamaliza chai, akaondoka na mswada wa riwaya ya pili aliokuwa amemletea. Umechapishwa Nairobi, na kwenye simu unauzwa shilingi mia. Kanuni ile ilimpotezea mchapishaji mwandishi wake pekee ambaye watu walikuwa wakimsoma.