Kidonda Kisichotaka Kusuguliwa

Wifi yangu Kahaso, mke wa kaka yangu Charo, alikuwa mwanamke wa kusugua. Sufuria, sakafu ya kanisa, hata shingo za watoto wa watu: vyote alivifuata kwa kumbi la nazi na mchanga mpaka ving'are. Kijiji kizima cha Mtopanga kilimjua. Ukimwona anakuja, unaficha masizi yako.

Basi mwaka wa arobaini na nane, akitoka shambani, mwiba ukamkwaruza muundini. Kidogo tu. Siku ya tatu pakatoka kipele, kipele kikapasuka, na kidonda kikaanza kutambaa, kingo zake zambarau, maumivu hayasemeki.

Aliyekuwa akimwosha ni mimi. Nasema mapema, nisije nikajifanya mtakatifu. Asubuhi maji moto na chumvi, jioni mrututu, ile dawa ya buluu inayochoma, na kabla ya mrututu namsugua kwa kitambaa mpaka damu itoke, maana kwetu kidonda kisichotoka damu hakijasafishwa. Mwenyewe alinihimiza: "Sugua, Dorcas, usinionee huruma." Nikasugua. Kila wiki kidonda kikazidi kwa upana wa vidole viwili.

Mama yangu, mkwewe, akaleta mganga kwa siri, watu wa kanisa wasisikie. Mganga akamchanja chale saba juu ya goti. Zote saba zikawa vidonda. Majirani wakasema amerogwa, na mimi, nikiri tu, nilikuwa karibu kusadiki.

Tukampeleka zahanati. Daktari aliyepita pale kila Alhamisi alitazama mara moja akasema mguu unaoza, wiki ijayo, Ijumaa, utakatwa hospitalini. Tulipofika nyumbani ndipo Kahaso akaniuliza, "Mtu wa mguu mmoja anapigaje magoti, wifi?" Nilitoka nje nikalia.

Jumatano iliyofuata tulirudi kubadilisha bandeji. Dresa wa pale, mfunga vidonda Phineas Mwarandu, mtu mpole kiasi cha kuudhi, akaona mkono wa Kahaso aliokuwa ameudunga sindano wiki iliyopita. Palikuwa na kidonda kile kile, na kingo zile zile za zambarau. Akaniuliza nyumbani anatibiwaje. Nikamweleza yote, tena kwa kujigamba.

"Dada Dorcas," akasema taratibu, "mwiba umezaa kidonda. Chale zimezaa. Sindano yangu imezaa. Wewe unasugua, kinakua. Kisu kikipita juu ya goti kitazaa nini?"

Nilitazama mikono yangu, nikaona aibu.

Alhamisi Phineas akamweleza daktari hayo hayo, kwa adabu zake zote. Nilidhani atafukuzwa kazi. Daktari akafikiri, kisha akamwuliza Kahaso swali nililoliona la ovyo: tumbo lake likoje? Kahaso akainamisha kichwa. Kumbe miezi minane alikuwa akiharisha damu, akaificha kwa haya, hata mimi sikujua.

Daktari akasema amewahi kusoma habari za ugonjwa huu, na walio nao ni wachache mno. Si kuoza, si uchawi. Ni mwili wenyewe unaowaka na kujila, na tumbo na mguu ni ugonjwa mmoja. Ijumaa ikafutwa. Akampa vidonge vya salfa, akaagiza apumzike, maji ya uvuguvugu yamwagwe tu, kisha kitambaa laini chenye vaselini.

"Asisuguliwe," akasema Phineas, akinikazia macho mimi.

Sijapata kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Kahaso kitandani akinisihi nimsugue kidogo tu, wageni mlangoni na mizizi yao, nami nawafukuza wote. Mama hakuniamkua mwezi mzima. Wiki ya tatu maumivu yakapungua. Mwezi wa tano ngozi mpya ilikuwa imefunga, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Jumamosi moja nilimkuta kanisani amepiga magoti, yote mawili, anasugua sakafu. Nikalitoa lililokuwa likinila: "Wifi, mimi nusura nikupotezee mguu."

Hakuacha kusugua. "Nilikuambia usugue, ukasugua. Ukaambiwa uache, ukaacha. Ingekuwa mimi, nisingeweza."

Akalichana kumbi lake katikati, akanitupia nusu. "Shika upande ule," akasema. "Hii sakafu umeruhusiwa."