Matundu Mawili ya Upanga wa Job

Haya ninayoandika hutayaamini, na sikulaumu. Hata waliokuwapo siku hizi wanaulizana kama kweli walikuwapo. Mwaka wa tisini na tisa, Mjapani mmoja huko Osaka alimtafuta Werema, mhunzi wa soko la Migori, amwambie kama upanga wa Kijapani ni wa kweli au ni bandia. Werema! Mtu ambaye safari yake ndefu kabisa ilikuwa ya kwenda Tarime kuoa, na akarudi analalamikia magoti.

Haya basi, hakumtafuta kwa jina. Alitaka mtu yeyote anayejua chuma. Upanga wenyewe ulikuwa wa Mama Phelesia wa Homa Bay, mjane wa Job, askari aliyerudi nao kutoka vita vya Burma. Mpwa wake wa Nairobi aliupiga picha akautangaza kwenye intaneti, na yule wa Osaka akajibu kwa barua ndefu: bandia zimejaa, fungueni mpini kwanza, mniambie kilichomo ndani. Mwalimu Walter, jirani ya mjane, akabeba barua na upanga hadi Migori.

Alimkuta Werema amechoka. Si uchovu wa siku ile. Ulikuwa wa miaka arobaini ya moto wa makaa, na macho yanayotoa machozi bila msiba.

"Mzee, sema tu ni wa zamani tumalize," Walter akamwambia. "Kiingereza nitaandika mwenyewe. Wewe utaweka kidole."

"Kidole changu hakijazoea uongo, mwalimu. Mwenye upanga anataka nini?"

"Kuuza si haja yake sana. Watu wa boma wanasema marehemu aliununua kwa Mhindi pale Mombasa, akaja kujifanya shujaa. Hata siku ya mazishi shemeji yake alilicheka jeneza. Mama anataka kujua kama aliishi na mwongo."

Werema akaguna. Alichukua msumari, akagonga kijiti cha mwanzi kilichoshikilia mpini, nao mpini ukatoka. Ukabaki mkia wa upanga, ile sehemu inayojificha ndani, mweusi kwa kutu. Akauinua kwenye mwanga. Mpini ulikuwa na tundu moja. Mkia ulikuwa na mawili.

"Huu umebadilishwa mpini," akasema polepole. "Chuma ni kizee kuliko mti wake. Kama jembe la nyanya yako, linazika mipini tu."

Walter akainama kusoma barua aandike jibu. Na hapo, ndugu zangu, mkono wa Werema ukafanya ulichozoea. Baba yake alimfundisha kwamba kumrudishia mjane chuma chenye kutu ni kumtukana. Akachukua msasa. Walter alipofika ukurasa wa pili, upande mmoja wa mkia ulikuwa unang'aa kama kijiko cha harusi.

"Mzee! Mzee, acha! Hapa ameandika kutu isiguswe! Kutu ndiyo inayomwonyesha umri!"

Werema akauangalia msasa, akauangalia mkia. Akaketi.

"Barua ya namna gani inaweka neno kama hilo ukurasa wa pili?"

Walter akaandika ukweli wote, na Osaka ikajibu kwa mistari miwili: samahani, mkia uliosuguliwa hauonyeshi umri tena. Biashara ikafa. Walter akajitolea kwenda kumweleza mjane, lakini Werema akakataa. Aliyeharibu ndiye anayekwenda. Akafunga kibanda mchana wa soko, jambo ambalo hata malaria haikuwahi kumlazimisha, akaubeba upanga ndani ya gunia hadi Homa Bay.

Mama Phelesia alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, uani. Hakumwachia hata nafasi ya kukaa.

"Usinieleze ya Mjapani, nimesikia. Nijibu moja tu. Ulifungua ndani?"

"Nilifungua, Mama."

"Matundu mangapi?"

Werema akashangaa. Nje lilionekana moja tu, na mpini ulikuwa umerudishwa mahali pake.

"Mawili," akasema.

Mama akaweka ungo chini. "Miaka hamsini Job alikuwa akisema, tundu moja la babu, tundu moja la mjukuu, mfungwa wa Kijapani alimwonyesha huko Burma kabla ya kumkabidhi. Watu wanatazama mpini, wanaona moja, wanacheka. Nami nilicheka, Mzee. Walter sikumwambia, nisije nikaletewa jibu la kunifurahisha." Akajifuta kwa kitambaa cha kichwa. "Adier, kweli kabisa, hakudanganya."

"Lakini nimekuharibia mali, mama."

"Umening'arishia. Kaa ule."

Akala, akalala usingizi pale pale kwenye kiti, mdomo wazi, samaki mkononi. Alipoamka, mama akamsihi aujaribu makali upanga ule mbele ya shemeji wote waliokuwa wakicheka, naye Werema akasimama, uchovu wote ukamtoka, akauzungusha mara saba hewani, akarudi nao Migori, akaishukia fuawe yake anayofulia vyuma kwa pigo moja, ikapasuka vipande viwili kama papai, kimoja kikaruka mpaka—

Werema, niliyekuwa nikimsomea haya kibandani kwake, akanikatiza. "Cephas. Inuka hapo. Hicho ulichokalia ukiandika ni nini, kama si fuawe yangu, nzima?"