Chakula Kilichofunikwa

Nilimwahidi mama kwamba dada atakula. Tulikuwa tumekaa mbele ya nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mama akichambua maharage, nami nikiwa nimetoka Mbarara mchana ule, nilikomwacha dada amelazwa. Daktari alikuwa ametueleza kwamba uvimbe uliomo tumboni mwake lazima utolewe, lakini damu yake ilikuwa imepungua mno, na wasingethubutu kumpasua kabla haijaongezeka. Wao wangempa dawa. Sisi tulitakiwa kumletea chakula cha kujenga damu, na yeye akile. Akishindwa kula, alisema daktari, kisha akatazama chini na kuliacha neno lake njiani. Neno hilo sikumwambia mama.

"Atakula," nilisema. "Mimi mwenyewe nitamupikia."

Mama aliendelea kuchambua. "We ulisomaka chakula mu bitabu," alijibu. "Tutaona kama mu sufuria unakijua."

Ni kweli nilikisoma. Chuoni nilijifunza lishe, na katika muhula wa mwisho tulifundishwa na mwalimu mgeni, mwanamke kutoka Japani, aliyetuonyesha jinsi watu wa kwao wanavyomfungia mtu mmoja chakula ndani ya kisanduku kidogo chenye vyumba, wanachokiita bento. Alipoondoka alituachia kila mmoja kisanduku chake. Alitufundisha kuchanganya rangi, kwa kuwa jicho la mgonjwa hula kabla ya mdomo, na kukata kila kitu kiasi cha kumezwa bila kuchosha. Zaidi ya yote alituonya tusifunike chakula kabla hakijapoa, kwa sababu mvuke uliofungiwa hugeuka maji, na katika uvuguvugu huo vijidudu huzaana. Niliamini, na ningali naamini, kwamba kumpangia mgonjwa chakula kwa uzuri ni namna ya kumwambia kwamba uhai wake una thamani.

Basi nikawa napika kila alfajiri. Viazi vitamu vya manjano nilivikata mviringo. Dodo, mchicha wa huku, nilizichemsha kidogo tu zibaki kijani, kisha nikazikamua. Palikuwa na yai, palikuwa na ndagala, dagaa wa kwetu, waliokaangwa kwa nyanya, na siku nyingine ini la ng'ombe. Karoti nilizichonga zikafanana na maua. Baada ya hapo nilikiacha chakula wazi juu ya meza na kukipepea, huku mama akiguna, maana kwake chakula cha baridi hupewa mgeni usiyetaka arudi. Kilipopoa nilikifunga, nikapanda boda hadi Rwekubo, na kutoka huko nikaendelea na takisi, kisanduku kikiwa magotini.

Niliogopa safari nzima. Tulipofika Masha na jua kuanza kuchoma vioo, nilikuwa nikigusa kifuniko mara kwa mara, kama mzazi apimaye homa ya mtoto. Na nilipofika hospitalini niliogopa zaidi. Sikuingia wodini moja kwa moja. Nilisimama mlangoni kwanza, nikatafuta kitanda chake kwa macho, nione kama bado kina mtu.

Alikuwapo kila siku, na kila siku viganja vyake vilikuwa vimezidi kupauka. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mke wa mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, mcheshi hata katika maumivu. Dada alipokifunua kisanduku kwa mara ya kwanza, jirani huyo aliniuliza, "Ssebo, bwana wangu, hii ni chakula ama maua ya harusi?" Wodi nzima ilicheka. Dada naye alicheka kidogo, akakifunika tena, akaniambia nikiweke pale kando, atakula kisha. Nilimwachia nikaenda kungoja uani, na jioni alinirudishia kitupu, kimeoshwa. Nilirudi nyumbani na kumwambia mama kwamba anakula.

Lakini damu haikupanda. Daktari aliniuliza mgonjwa anakula nini, nikamtajia kila kitu, naye akakunja uso asielewe. Usingizi ulianza kunikimbia. Nilihisi kwamba ndani ya mwili wa dada mlikuwa na kitu kinachokula vyote nilivyomletea.

Siku moja mchinjaji wa Rwekubo alikuwa ameniletea ini nyumbani kwa kuchelewa. Nililipika kwa haraka na kulifunga lingali likitoa mvuke, maana gari lilikuwa linaondoka. Nilipofika nilimkabidhi dada kisanduku, nikatoka kwenda kununua dawa iliyokosekana hospitalini. Duka lilikuwa limefungwa, nikarudi mapema kuliko alivyotarajia. Alikuwa amekaa akiupa mlango mgongo. Kwa kijiko alikuwa akikomba chakula chote chumba kwa chumba na kukitia ndani ya kaveera, ule mfuko mweusi wa taka.

Nilikaa kitandani kwake, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama anataka kufa.

"Sitaki kufa," alisema. "Njo maana sikuli."

Ndipo aliponisimulia habari ya baba. Mimi nilikuwa ningali natambaa baba alipofariki, na siku zote niliambiwa kwamba aliugua tumbo. Dada alisema kwamba siku ile, kule kwetu Kivu ya Kusini, Kongo, palikuwa na ubatizo kwa majirani, na mtu akamkabidhi sahani ya nyama iliyofunikwa ampelekee baba. Kwetu aletaye chakula hukifunua mbele ya mlaji na kuonja yeye kwanza. Dada alikuwa mtoto, alikuwa na haraka ya kurudi kucheza. Aliiweka sahani akakimbia, baba akala, akaugua tumbo, akafa. Kama ilikuwa sumu au nyama iliyooza, hakuna aliyepima, na mimi siwezi kujua.

"Mi njo nilimubebea," alisema. "Na hii yako inakuya imefungwa, imekatwa-katwa, inapendeza sana. Na hauionje. Hata siku moja hauionje."

Alisema kweli. Nilifundishwa kwamba chakula cha mgonjwa hakiguswi kwa mdomo wa mwingine, nami nilishika somo. Tuliogopa kisanduku kimoja sisi wawili, mimi nikiogopa vijidudu, yeye akiogopa mikono ya watu.

Nilichukua kijiko. Kilichobaki karibu yangu kilikuwa kipande cha ini, nikakiinua, na kilipokaribia midomo nikaukumbuka ule mvuke. Mkono ulisimama. Dada aliuona ukisimama. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale, kwa maana nikila, naye atakula, na huenda limeharibika. Nisipokula, hatakula tena chochote kitokacho mkononi mwangu.

"Dada, ini usikule," nilisema. "Niliifunga ikingali moto, nikakimbilia gari. Njo ile naogopa. Ile ingine yote nilipoza."

Nililitupa ini kwenye kaveera. Kisha nikaonja kiazi, nikaonja dodo, nikaliuma yai, nikatafuna ua moja la karoti, naye akinitazama koo wakati wote. Jirani alikuwa ameamka. "Ssebo, wewe namaliza chakula ya mgonjwa," alilalamika. Dada hakucheka. Alininyang'anya lile yai nililoliuma, akatia mdomoni, akatafuna polepole, macho yake yakiwa usoni pangu. Nami nilibaki nimekaa hapo hadi jioni, nikingojea tumbo langu liseme neno.

Tangu siku hiyo sikumwachia kisanduku na kuondoka. Nilikifunua, nikaonja, tukala. Damu ilipanda taratibu, ikatosha. Siku ya upasuaji mama nami tulikaa nje, na kila mlango ulipofunguliwa nilitamani usifunguliwe. Alitoka hai. Sasa yuko nyumbani Nakivale, anapata nguvu, na bado hasogezi mkono wake kabla sijameza.

Msomaji, nina ombi. Ukimpelekea mgonjwa chakula, usikiweke kando ya kitanda ukaondoka. Keti naye, kifunue mbele ya macho yake, uonje kwanza kwa kijiko chako mwenyewe. Na kama kuna kipande unachokitilia shaka, mwambie.