Saa Iliyosilimu

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, na hadi leo nikiisikia miguu huanza kunicheza, nataka kusimama, nataka kutoka. Chumba cha bibi yangu kilikuwa kikinuka mafuta hayo tangu asubuhi. Alitia tone moja kwenye cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, tone jingine kwenye tumbo la saa ya ukutani, na yaliyobaki kidoleni alijipaka kwenye goti lililokuwa likimsumbua. Nyumba ilikuwa ndani kabisa ya Mji Mkongwe, kwenye kichochoro chembamba hata jirani yetu wa mbele aliweza kutupitishia chumvi dirishani bila ya kuinuka. Humo ndimo nilimolelewa tangu mama yangu alipoolewa mara ya pili akaenda Tanga na mumewe. Aliahidi kuja kunichukua akishapata nyumba yenye nafasi. Nilikuwa mtoto asiyetulia. Bibi akisema nimekalia siafu, nami nilikuwa nikimjibu kimoyomoyo kwamba nimekalia ahadi.

Vitu vya chumba kile vilikuwa vya enzi za Malkia Viktoria, yule mama mnene wa kwenye sarafu, ambaye mimi nilidhani ni jamaa yetu kwa jinsi alivyotajwa mara kwa mara. Babu yake bibi alikuwa karani wa forodhani zama hizo, na kila kioja kilichoshushwa kutoka melini alikiona kabla watu hawajakipa jina. Bibi alinisimulia, kama naye alivyosimuliwa, kwamba waya wa simu ulipolazwa chini ya bahari watu walikwenda pwani makundi kwa makundi kuutegea sikio, wakitaraji kumsikia mtu wa Adeni akikohoa. Mama mmoja wa ukoo wetu alibeba kikapu cha halua, akataka kifungwe kwenye waya kimfikie mwanawe aliyekuwa safarini. Cherehani ilipoingia nyumbani, wanawake waliifunika kwa kanga kila ikifika jioni, wakichelea isije ikashona peke yake. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, lakini bibi hakucheka. Alisema watu wale hawakuwa wajinga, walikuwa wameletewa vitu bila ya kuletewa maelezo, basi wakajitafutia maelezo yao.

Saa ndiyo iliyopata maelezo kuliko vyote. Ilitengenezwa Uingereza, ina sanduku la mbao nyeusi na tarakimu za Kirumi za vijiti, na mafundi walioiunda walikusudia ionyeshe kumi na mbili pale usiku wa manane na pale jua linapokuwa utosini. Kwetu haikupewa nafasi hiyo. Kila siku, mwadhini akianza tu adhana ya magharibi, bibi alipanda kigoda, akafungua kioo, akasukuma akrabu zote mbili mpaka zikasimama juu kwenye kumi na mbili. Siku inaanza jua linapozama, na saa lazima ifuate. Saa nyingine zote za mjini zilikuwa na akrabu kwenye saba na mtu akazisoma saa moja, akageuza kichwani mwake bila ya kufikiri. Saa yetu ilionyesha moja, na ilikuwa moja. Jirani yetu Bi Shemsa, ambaye hakuwahi kuingia chumbani mule bila ya kutania, aliiita saa iliyosilimu.

Huyu Bi Shemsa na bibi walikuwa wakitibiwa macho pamoja. Siku moja waliandikiwa kadi zao warudi saa 8. Bi Shemsa akaenda saa nane mchana, jua kali, akakuta mlango wa hospitali una kufuli. Bibi alikuwa ameshakwenda tangu asubuhi, ameshatiwa dawa, amerudi na amelala. Alimcheka mwenzake kwa muda mrefu sana. Mtu akiingia tu, hadithi inaanza upya. "Nane yao ni mbili yetu, shoga," alimwambia. "Hilo nalo mpaka ufundishwe?" Nami nilicheka pamoja nao, nikipasua njugu kwa meno, wala sikujua kwamba nimesikia neno ambalo ningelihitaji.

Msimu ninaoukumbuka ni ule wa kipupwe nilipokuwa na miaka kumi. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kila penye uwazi, na mimi nilikuwa siwezi kumaliza sahani ya wali nimekaa. Ikaja simu ya maandishi kutoka Tanga. Aliyeipeleka ni mume wa mama, mtu wa kazi za melini, na maneno yake yalikuwa machache: wanahamia Mtwara, wanapita Unguja Alhamisi, meli inaondoka 9, mtoto aletwe, nafasi yake ipo. Mimi ndiye niliyeisoma, kwa sababu bibi alisoma herufi za Kiarabu peke yake. Niliisoma kwa sauti, nikarudia, kisha nikaanza kurukaruka mpaka vikombe vikalia kabatini.

"Inaondoka ngapi?" aliuliza bibi.

"Tisa."

"Basi saa tisa. Tutasali adhuhuri, tutakula, ndiyo tutoke."

Kuna kitu kilinikwaruza. Shuleni palikuwa na saa ukutani, na akrabu yake ikifika kwenye tisa ndipo tulipotoka mapumziko ya asubuhi. Nikauliza, "Bibi, tisa ya saa hii yetu?"

Bibi aliniangalia, kisha akaiangalia saa. "Nyumba hii ina saa ngapi, Raya?"

"Moja."

"Haya. Nshakujibu."

Alhamisi niliamka kabla ya kuamshwa. Nilioga, nikasukwa, nikavaa gauni la Idi na viatu vilivyonibana. Begi langu lilikuwa mlangoni, nikaliondoa, nikalirudisha. Nilipanda darini, nikashuka, nikapanda tena. Bibi alikaa kwenye cherehani akipinda pindo la kanga ambayo, naapa, ilikuwa imeshapindwa. Mkono wake ulizungusha gurudumu polepole na ile harufu ya mafuta ikajaa chumba kizima. Asubuhi ilipokuwa imekomaa tukasikia honi ya meli kutoka bandarini, ndefu, ikapenya vichochoroni hadi kwetu.

"Bibi! Meli hiyo!"

Cherehani ilisimama. Nakumbuka kimya kile kuliko ninavyoikumbuka honi yenyewe. Mkono wake ulibaki juu ya gurudumu, haukwenda mbele wala haukurudi.

"Meli ni nyingi," alisema, na gurudumu likaanza tena.

Tulifika gatini wakati saa yetu nyumbani inakaribia tisa. Palikuwa na magunia, paka, na hamali mmoja aliyejinyoosha kivulini. Bibi akamwuliza meli ya Mtwara. Hamali akainua kichwa, akasema kwa upole, maana alishaliona begi langu, "Imeshaondoka, mama. Tokea saa tatu asubuhi." Bibi akashika kichwa. "Hizi tisa za Kizungu!" alisema, akasema tena kwa nguvu zaidi, watu wote wa bandari wasikie. Kisha akanikumbatia, akalia kilio cha kweli. Mimi sikulia. Niliitazama bahari iliyokuwa tupu nikataka kukimbia, lakini hapakuwa na pa kukimbilia.

Abiria wa kupita hawakuruhusiwa kushuka siku ile. Mama yangu, nilikuja kuambiwa, alisimama kwenye ukingo wa meli muda wote ilipokuwa imefunga gati, akitazama kila mtoto wa kike aliyepita gatini. Mtwara ikawa mbali, akazaa wengine, nafasi yangu ikajaa. Tulikuja kuonana mimi nimeshakuwa msichana mkubwa, tukapeana mikono kama wageni wa harusi. Nimempenda mama yangu kwa adabu, na bibi nikampenda kwa moyo wangu wote, na hilo nalo limekuwa likinichoma.

Kisa kile kiligeuka mzaha wa familia: bibi alivyokoseshwa meli na saa iliyosilimu. Bi Shemsa aliusimulia kwenye kila hitima, na bibi alikuwa akitabasamu na kuangalia pembeni. Bibi akafariki, nikairithi saa, ikahamia nami kwenye nyumba yangu ya Kikwajuni. Mwenyewe nimekisimulia kisa hicho miaka yote nikicheka, mpaka mwaka huu nilipomsimulia binti yangu Nasra, aliyemaliza chuo Tunguu juzijuzi. Nikaanza na Bi Shemsa na mlango wenye kufuli, nikaendelea mpaka gatini. Nasra alikuwa akichezea simu yake, nikadhani hasikilizi.

"Lakini mama," alisema bila ya kuinua macho, "si alikuwa anajua? Nane yao ni mbili yetu. Tisa yao ingemshinda?"

Nilisema goti linaniuma, nikaenda jikoni. Nilisimama pale maji yakachemka, yakakauka. Si kwamba sikuwahi kulijua jambo lile. Nilikuwa nimeyasikia maneno yote mawili kwa masikio yangu, katika chumba kimoja, kutoka kinywa kimoja, na nikakataa kuyaweka pamoja. Nilimkasirikia bibi kwa hasira ya mtoto wa miaka kumi, nikiwa na mvi kichwani. Kisha nikaukumbuka ule mkono juu ya gurudumu, na hasira ikakosa pa kukaa.

Watu wa zama zile waliutegea waya sikio wakitaraji kusikia kikohozi kutoka Adeni. Leo kikohozi kinasikika, na uso unaonekana, na Nasra ananiambia kwa hilo nisihuzunike, kwamba Maskati si mbali, tutaonana kila siku kwenye kioo cha simu. Amepata kazi huko. Namjibu kuwa ni kweli, huku natoka chumba hiki na kuingia kile, nakunja nguo zilizokunjwa. Jana alinionyesha tiketi kwenye simu yake. Ndege inaondoka Jumapili, 9:00. Akaniomba, kwa kuwa yeye ni mzito wa usingizi, nimuamshe mimi.

Magharibi ilipoadhiniwa nilipanda kigoda, nikasukuma akrabu mpaka juu, nikafunga kioo. Vidole vyangu vilinuka mafuta ya cherehani. Nyumba hii nayo ina saa moja tu ukutani, na mtoto wangu hajaniuliza chochote, kwa sababu ananiamini. Tisa ile ni tatu yetu. Nimelitamka kwa sauti, peke yangu chumbani, nisije nikapata la kusingizia.